Jointi za Wima: Namna ya Kutazama Kuta na Mapaa ya Nyakabanda

Nimechoka kuulizwa kama nimeshapanda ghorofani kwa yule bwana mwenye mgahawa mpya. Kuanzia Munanira hadi Rwezamenyo salamu ni hiyohiyo: "Mzee, umeiona ile nyumba ya Kiitaliano?" Nimeiona. Nimepanda ngazi zake, nimelipa chai kwa bei ya chakula cha mchana, nimekaa pale juu kwenye viti visivyo na mgongo. Mabibi harusi wanapanga foleni wapigwe picha mbele ya ukuta wake "wa matofali ya kale". Baraza limeezekwa bati lililobonyezwa likafanana na vigae, na ukiligonga kwa ukucha linalia kama sufuria. Nilipokuwa nakoroga sukari, kijana anayetembeza watalii aliwaambia wageni wake kwamba ufundi ule ni wa Florence, na kwamba hakuna mahali pengine Kigali penye mandhari kama hayo. Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilitupia jicho kona ya ukuta, nikamaliza chai, nikashuka.

Habari ya kona nitaifikia. Kwanza tukubaliane tunatazama nini, maana watu wanapanda juu, wanapiga picha, wanashuka hawajaona kitu.

Mjini Bologna, huko Italia, aliyetaka kuyaona mapaa alizoea kupanda Asinelli, mnara wa matofali wa karne ya 12 wenye urefu wa mita 97 na vidato 498, na alipofika juu magoti hayakuwa na habari tena na uzuri. Sisi hatuna haja ya mnara. Nyakabanda imelala ubavuni mwa Mlima Kigali, na mteremko unafanya kazi yote: paa la aliye chini liko sawa na kizingiti cha aliye juu. Unatoka nje kunawa uso, tayari unaangalia paa la mtu. Kwa hiyo nyumba ya huku ina nyuso mbili. Kuna uso wa barabarani, ambao mwenyewe anaupaka rangi sikukuu zikikaribia, na kuna uso wa juu, ambao jirani anaukagua kila asubuhi bila kuombwa. Anayejenga tambarare anaweza kuficha mengi. Anayejenga huku akificha kitu, amemficha mpita njia wa chini tu.

Limbukeni akisimama barabarani kwetu anatupa macho mbali. Anahesabu maghorofa ya mjini, anaitafuta Kigali City Tower, anaonyesha kidole Nyabugogo na mabasi yake, anasema kuna ukungu mzuri. Hayo ni ya kalenda za benki. Mtazamaji anaanza miguuni pake. Paa la kwanza analokutana nalo ndilo analolisoma, kisha la pili chini yake, halafu ukuta uliochungulia katikati ya hayo mawili, na akifika bondeni Kimisagara ameshajua ni nani alikuwa na fundi na nani alikuwa na shemeji.

Juu ya mapaa sitakaa sana, kwa kuwa paa halijui kusema uongo kwa muda mrefu. Kofia inyooke. Paa la migongo minne ni bora kuliko la miwili, na asiyekubali hajakaa hapa wakati wa mvua za itumba, yaani masika. Upenu usipungue dhiraa moja. Kwenye nyumba ya rukarakara, yaani tofali bichi la udongo, upenu ndio uhai wenyewe, maana maji yakirukia mguu wa ukuta msimu mmoja tu, lipu inaachia, na msimu wa pili unaona udongo. Bati la bluu ni kosa. Mawe juu ya bati si ushamba kama wanavyodhani wageni. Yanakuambia tu kwamba papi hazikufungwa sawasawa na mwenye nyumba anajua. Bati lililoiva kutu sawasawa, bila mabaka, lina heshima yake. Vigae halisi vya udongo, yale mategura tuliyoyazoea kwenye nyumba za misheni, havifanani rangi hata siku moja: kimoja chekundu, jirani yake wa kahawia, cha tatu kimeota kuvu upande wa kaskazini. Ukiona paa la vigae lenye rangi moja kutoka kofiani mpaka kwenye mchirizi, usilisifie mpaka uligonge.

Na yale mapaa ya asbesto ya kijivu, yaliyokuwa yakinywa mvua na kuota ukijani taratibu, yameondolewa kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 2011, kwa sababu nyuzi zake zinaua mapafu. Ni sawa kabisa. Ila macho yangu yanayakosa, na sitajifanya hayayakosi.

Sasa saa ya kutazama. Watu wote wanakuja magharibi. Hata huko Florence kwenyewe, kwenye Piazzale Michelangelo, uwanja uliobuniwa na Giuseppe Poggi mwaka 1869, umati unajaa jua likianza kuzama, na mtu anapiga makofi jua likishuka kana kwamba limefanya kazi ya ziada. Mwanga wa magharibi unakuja bapa. Unagonga ukuta usoni, unajaza kila shimo, unapaka kila kitu rangi ya asali. Ukuta wa mlevi na ukuta wa bingwa hapo zinatoka sawasawa. Ndiyo saa ya wapiga picha za harusi, na ndiyo saa wenye nyumba mbovu wanayokukaribisha.

Ukuta unatazamwa saa sita mchana. Kigali iko karibu kabisa na mstari wa nyuzi 30 mashariki, na saa za Rwanda zimefungwa kwenye mstari huohuo, kwa hiyo saa sita ya mkononi ndiyo saa sita ya jua. Miji mingi haina bahati hiyo. Tena tuko nyuzi 2 tu kusini ya ikweta, basi jua la saa hiyo haliendi mbali na utosi mwaka mzima. Linashuka likiukwaruza ukuta toka juu hadi chini, na tofali lililochomoza kwa unene wa ukucha linatupa kivuli. Mwezi wa Juni jua linapita upande wa kaskazini: tazama kuta zinazoelekea Kimisagara. Desemba geukia za kusini. Machi na Septemba jua linakaa utosini na upenu unafunika kila kitu. Hapo njoo saa nne kwa kuta za mashariki, saa nane kwa za magharibi. Vaa kofia. Watu watakuuliza unatafuta nini juani, nawe huna haja ya kujibu.

Mtu akitaka kuonekana mjuzi wa matofali ana vitendo viwili. Anachukua mawili anayagonganisha asikilize mlio, kisha anafumba jicho moja apime kama kozi zimenyooka. Mlio ni habari ya mchomaji, na siku unapotazama ukuta mchomaji ameshakula hela yake zamani. Kuhusu kozi, hakuna sifa yoyote katika kozi kunyooka. Kozi inanyooshwa na uzi. Mpe muyede, msaidizi wa fundi, uzi uliokazwa na pimamaji, kabla ya saa sita atakupa kozi unayoweza kulalia. Mlalo una uzi wake. Jointi za wima hazina uzi, hazina mwenyewe, na hapo ndipo fundi anapojulikana.

Soma ukuta toka chini kwenda juu. Katika ukuta wa kawaida kila tofali limekalia mawili, nusu huku nusu kule, kwa hiyo jointi ya wima ya kozi ya kwanza inakutana na ya kozi ya tatu, na ya tano, na ya saba, mpaka mkandani. Ya pili inakutana na ya nne na ya sita. Shika jointi moja kwa macho upande nayo, ukiruka kozi mojamoja. Kwenye ukuta wa bingwa utafika chini ya upenu ukiwa wima juu ya pale ulipoanzia, na ukirudi chini utaikuta jointi yako imekungoja. Kwenye ukuta wa hawa wa siku hizi utapotea kabla hujafika dirishani: jointi imehama upana wa kidole, ikarudi, ikahama tena zaidi, na karibu na linta fundi amechomeka kipande cha tofali kisicho na jina ili kuokoa hesabu. Kipande hicho ndicho sahihi yake.

Mwenye macho ya kawaida hataki kuamini kwamba jambo dogo hivi linaweza kuamua ukuta mzima. Anaona ukuta mmoja umetulia na mwingine una wasiwasi, hajui kwa nini, anasema labda ni rangi. Si rangi. Jicho lake limepanda na jointi bila kumwambia, likajikwaa.

Ugumu wenyewe una sababu. Tofali la kiwandani, la Ruliba kwa mfano, linatoka mashineni likiwa na kipimo kimoja, na anayeshindwa kushika wima kwa tofali la namna hiyo atafute kazi nyingine. Lakini matofali yaliyojenga Nyakabanda ya zamani yalichomwa kwa kuni, kwenye matanuru ya mabondeni. Ndani ya tanuru la kienyeji, tofali lililokaa karibu na moto limeungua sana, limenywea, limekuwa dogo na zito, lina mshipa mweusi. La pembeni halikuiva. Limebaki kubwa, jepesi, la rangi ya waridi. Yote yanapakiwa lori moja, yanamwagwa mlangoni kwako kwa rundo moja. Fundi akiyachukua yanavyokuja, kozi ya madogo inafuatwa na kozi ya makubwa, na wima imekufa pale pale, hata awe na mkono wa dhahabu.

Kwa hiyo bingwa haanzi na mwiko. Nilimjua mmoja, sasa ni marehemu, aliyefunzwa na watu waliofunzwa na mabruda wa misheni. Mtaani tulimwita Fundi tu, kana kwamba wengine hawakuwa na kazi. Alipojenga nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Biryogo, asubuhi nzima ya kwanza alimfanyisha muyede wake kazi ya kutenga matofali mafungu matatu, madogo, ya kati, makubwa, na yeye amekaa juu ya ndoo akinywa chai ya maziwa. Mchana akapanga kozi ya kwanza kavu, bila tope hata tone, akizunguka nyumba yote, milango na madirisha yakiachiwa nafasi zake. Alikuwa akisukuma matofali kwa kidole, akirudi nyuma, akichuchumaa, akisukuma tena. Mwenye nyumba akafika, akakuta siku imekwisha na matofali yamelala chini makavu.

"Fundi, mimi nakulipa ucheze?"

Hakujibu. Alichukua fito akaitia alama kwa penseli, alama moja kila mwisho wa tofali, kisha akamwambia kwamba dirisha la sebuleni litahama vidole vinne kuelekea mlangoni. Mwenye nyumba akaruka. Dirisha lile alikuwa amelichora mwenyewe kwenye karatasi, na mkewe ameshanunua pazia. Wakavutana mpaka adhana ya alasiri. Mwisho dirisha likahama, kwa sababu Fundi alianza kukusanya vifaa vyake.

Jitahidi kuelewa alichokuwa anatetea. Mwenye nyumba alitaka dirisha pale lilipochorwa. Fundi alilitaka pale tofali linapoishia, ili pembeni mwa dirisha kusiwe na kipande. Nyumba za zamani hivyo ndivyo zilivyopimwa. Upana wa dirisha ni idadi ya matofali, upana wa nguzo kati ya madirisha ni idadi ya matofali, na hata urefu wa chumba ulikubali kupungua kidogo ili tofali lisikatwe. Leo mchoro unatoka kwenye kompyuta na vipimo visivyolijua tofali, na fundi anakata mpaka mashine yake inatoa moshi. Ukiona ukuta wenye vipande vyembamba pande zote za kila dirisha, ujue aliyechora na aliyejenga hawakuwahi kunywa chai pamoja.

Desturi yake nyingine ilikuwa hii. Kila jointi ya tano aliishushia timazi toka juu, akaipigia alama ya mkaa. Hizo hazikuhama kamwe. Zile nne za katikati aliziacha zigawane kosa, kila moja ikichukua unene wa unywele, na jicho halikulipata lilikokwenda. Nimewaona mafundi wenye vyeti wakitazama kuta zake wakidhani matofali yalikuwa ya kipimo kimoja. Yalikuwa rundo lilelile la lori.

Jointi ya wima isizidi ncha ya kidole kidogo. Mtu asiniulize kidole cha nani.

Walaghai nao wana ufundi wao, na kwa haki niwape nafasi. Aliye rahisi kumkamata ni mchoraji. Anajenga ukuta wa hovyo, anaupaka lipu nyembamba, anaupaka rangi nyekundu ya udongo, kisha anachora jointi nyeupe kwa brashi na rula. Kwa mbali, jioni, ukuta unapendeza kupita wa bingwa, kwa kuwa mistari yake haina kosa hata moja. Saa sita unamuumbua: jointi ya kweli imeingia ndani kidogo na ina kivuli chake, ya rangi haina. Na huyu hana aibu. Mmoja wao aliniambia usoni kwamba wima zake zimenyooka kuliko za Fundi. Ni kweli, zilikuwa zimenyooka.

Wa pili ni hatari zaidi kwa sababu anajua kazi. Anashika wima vizuri kabisa mpaka urefu wa macho ya tajiri, na kozi za juu anaziachia. Tajiri anakuja kukagua akiwa amesimama chini, anapitisha mkono kwenye ukuta, anaridhika, analipa. Mtu wa namna hiyo alijenga nyumba mbili tatu upande wetu, na kwenye mji wa tambarare angezeeka na jina jema. Hapa jirani wa juu alikuwa akitoka kila asubuhi na mswaki mdomoni, anazitazama zile kozi za juu zilivyotawanyika, na habari zikashuka mlima mpaka Kimisagara. Yule fundi alihamia Kicukiro, ambako nasikia anafanya vizuri.

Wa tatu ndiye mwenzetu wa mgahawa. Huyu hajengi tofali, anabandika. Ni vipande vyembamba vya udongo, au vya saruji iliyotiwa rangi, vinavyogundishwa juu ya ukuta wa bloku. Wima zake zinaweza kuwa sawa, maana zimepimwa kwa vijiti vya plastiki, kwa hiyo usimkamatie hapo. Nenda konani. Tofali la kweli likifika konani lina pande mbili: linaonyesha mlalo upande huu na kichwa upande wa pili, na kozi inayofuata inafanya kinyume chake, hivyo kona inashonwa toka msingi mpaka mkandani. Kwenye ukuta wa kubandika kona imepasuliwa kwa mstari mmoja wa gundi toka juu hadi chini, na pande zote mbili zinaonyesha mlalo, jambo ambalo tofali lenye mwili haliwezi kulifanya. Kisha tazama juu ya dirisha. Tofali halielei. Ama kuna linta inayoonekana, ama yamesimamishwa kwa kichwa yakafanya upinde. Pale mgahawani yamelala juu ya hewa, kozi kwa kozi, kana kwamba uzito ni uvumi. Hicho ndicho nilichokiona kabla chai haijaisha.

Na hilo jina la Florence lisitajwe ovyo. Kuba la Filippo Brunelleschi lilijengwa kati ya mwaka 1420 na 1436 bila jukwaa la mbao la kulibeba kutoka chini, na sehemu ya siri yake iko kwenye namna matofali yalivyopangwa: kila baada ya matofali machache ya kulala kuna moja lililosimamishwa, mtindo wa mfupa wa samaki, likiyashika yaliyolala yasiteleze kabla tope halijakauka. Wima, tena! Wima ndiyo iliyobeba kuba. Kule Bologna kuna kanisa la San Petronio, lililoanza kujengwa 1390. Uso wake walikusudia kuuvika marumaru, marumaru ikaishia nusu, na sehemu ya juu imebaki tofali tupu mpaka leo, na watu wanasafiri kwenda kuitazama. Ukuta wa kubandika ukibanduka, chini yake utaona bloku. Nani atasafiri?

Anayetaka kuzoeza macho asianze na nyumba za watu, atatukanwa. Aende Sainte-Famille mjini, kanisa la mwaka 1913, asimame ubavuni saa sita na kupanda na jointi moja. Ukuta ule una kumbukumbu za 1994 ambazo si za kuandikwa kando ya habari za mwiko, basi asimame kwa adabu. Akipata nauli aende Kabgayi, kwenye kanisa kuu lililokamilika 1925, au Save, ambako misheni ilianza mwaka 1900, na kutoka mahali kama hapo tofali la kuchoma na tegura zikasambaa nchini. Zamani ningemwambia pia apite kwenye lile gereza tuliloliita 1930, kwa mwaka ulioandikwa mlangoni pake. Ilikuwa ajabu kwamba mji mzima ulikuwa ukipita mbele ya matofali yale na hakuna aliyeyatazama, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana ametazama. Wafungwa walihamishiwa Mageragere, na siku hizi ukitaja 1930 vijana wanadhani unataja mwaka.

Biryogo nako kulikuwa na kuta. Siku hizi watalii wanaletwa kupiga picha barabara iliyopakwa rangi, na sina ugomvi na rangi. Watoto wanacheza, magari hayapiti, chai inauzwa. Lakini nyuma ya rangi, kwenye vichochoro, bado kuna nyumba chache zenye baraza mbele na ua nyuma, upenu mpana, ukuta wa tofali la tanuru usiopigwa lipu, na wima zinapanda mpaka juu bila kukohoa. Waliozijenga walilipwa kwa siku, wakalishwa mchana, na waliporudi nyumbani kwao jioni walipita mbele ya kazi yao, wakasalimiwa na majirani waliokuwa wameiona. Leo fundi anatoka mbali kwa basi, anajenga, anaondoka, na ukuta anausahau kabla ya Nyabugogo.

Wengine wanasema wima imekufa kwa sababu vijana hawana subira. Vijana wana subira kuliko sisi. Nimewaona wakingoja abiria kwenye pikipiki tangu alfajiri. Wima imeuawa na namna ya kulipa. Fundi analipwa kwa tofali lililolazwa, na tofali lililolazwa vibaya linahesabiwa sawa na lililolazwa vizuri. Kuchagua mafungu matatu hakuna anayekulipia. Kozi kavu hakuna anayekulipia. Zaidi ya hapo kila ukuta unapigwa lipu, na kijana mwenye akili haoni sababu ya kuhangaikia kitu kitakachofunikwa Ijumaa. Mimi mwenyewe nikiwa mahali pake nisingehangaika.

Kwa hiyo unayejenga, na bado unataka tofali lionekane, usimhubirie fundi wako habari za mabruda na za Fundi wa Biryogo. Mlipe ukuta wa mbele na wa ubavuni kwa siku, mbele ya muyede ili pawe na shahidi, na siku ya kozi kavu ilipwe siku nzima hata tope likiwa halijachanganywa. Atakuuliza mara mbili kama umeelewa unachokisema, mwambie ndiyo. Mruhusu asogeze dirisha kabla mkeo hajanunua pazia. Kozi tano za mwisho chini ya upenu nenda ukazitazame ukiwa kwa jirani wa juu, na mpelekee jirani huyo sukari. Ukuta wa nyuma, ule ulioegemea kilima na usioonwa na yeyote isipokuwa mijusi, ulipie kwa tofali kama kawaida. Huo hata mimi siukagui.